Mkufunzi Aliyefundisha Ubaharia Nchi Kavu

Anayehusika ni mkufunzi wa ubaharia. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akafika katikati akadhani nalaumu ziwa, au vijana, au wazazi wa Butiama na Bunda waliowatoa watoto wao mashambani kwa moyo mweupe. Chuo kina sehemu yake katika jambo hili, nami nitaitaja. Lakini aliyesimama mbele ya vijana, akawatazama machoni na kuwaambia kwamba wamekwisha kuwa mabaharia ilhali akijua hawajawa, ni mtu mmoja. Mtu huyo nilimfahamu kwa miaka mingi, na nilimpenda. Hilo nalo lazima liwekwe wazi, maana taarifa inayoficha mapenzi ya anayeiandika haijakamilika.

Sitamtaja jina. Katika utumishi wangu wote kwenye ofisi ya wilaya nilizoea kutanguliza cheo, na safari hii cheo kinatosha. Ukifika Musoma ukamuulizia Mkufunzi, utaonyeshwa. Wengine walimwita Nahodha, naye hakuwakataza. Mimi sikuwahi kumwita Mwalimu, kwa sababu kwetu Butiama neno hilo lina mwenyewe.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na shati lake jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani lilipigwa pasi hadi mikono ya shati ikasimama yenyewe. Alitembea miguu ikiwa imeachana kidogo, kama mtu anayetarajia ardhi imsogee wakati wowote. Watoto wa Nyakato, kata tunayoishi sote wawili, walimfuata nyuma wakimwigiza, na yeye aligeuka si kuwafukuza bali kuwasahihisha.

"Panua zaidi, bwana mdogo. Hivyo wimbi dogo tu linakuangusha."

Mfukoni hakukosa kipande cha kamba. Kwenye vikao, kwenye misiba, hata kanisani kabla kwaya haijasimama (aliimba besi, tena besi nzuri), vidole vyake vilifunga na kufungua, vikafunga na kufungua. Alisema fundo jema lina sifa mbili: halifunguki lenyewe, na halimgomei aliyelifunga. Nilikuwa nikilirudia neno hilo mbele ya watumishi wapya niliokuwa nikiwapokea ofisini, nikilifananisha na utii kazini. Leo nalirudia kwa uchungu.

Mbuzi wa mama jirani, muuza dagaa, alikuwa na tabia ya kuingia kwenye mboga za Mkufunzi. Siku moja Mkufunzi akamkamata akamfunga kwenye nguzo ya uzio, kisha akaketi kibarazani kusubiri. Mama akaja mbio, akahangaika na ile kamba mpaka jasho likamtoka.

"Mkufunzi, nifungulie mbuzi wangu!"

"Mama, hilo ni fundo la vidole viwili tu. Sukuma, halafu vuta."

"Vidole vyangu vinajua dagaa, havijui meli zako!"

Akaingia ndani kwake, akatoka na kisu, akaikata kamba. Mkufunzi akainuka, akaviokota vile vipande viwili kama mtu aliyefiwa.

"Mama, umeua fundo."

"Ukimfunga tena nitaua na aliyelifunga!"

Mtaa mzima ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Baadaye alikwenda kwa yule mama, akamkalisha, akamfundisha kufunga magunia ya dagaa kwa fundo lilelile, na mpaka leo magunia yake yanafika mnadani bila hata kiganja kimoja kumwagika njiani. Huyo ndiye mtu tuliyekuwa naye. Aligombana na wewe asubuhi, na kabla jua halijazama amekuachia kitu cha kukufaa. Ni vigumu sana kumshuku mtu wa namna hiyo.

Katika chuo cha ufundi alichofundishia, palikuwa na boti kubwa ya zamani. Nieleze vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yanaposimama. Ilikuwa ni mwili wa boti bila injini, umepandishwa juu ya mawe katika uwanja wa nyuma, mbali na ufuko. Alikuwa ameifungia winchi, roda za kupitishia kamba, nguzo ya bendera, na kengele ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila amri. Mbele aliita omo, nyuma akaita tezi, na mwanafunzi aliyesema "mbele" au "nyuma" alishuka chini akaizunguka boti yote kwa kukimbia. Vijana waliotoka kuchunga ng'ombe waliipanda ngazi wakiwa na aibu, na baada ya majuma machache uliwasikia wakijibizana kwa sauti za watu wanaojua wanachokifanya. Nakiri kwamba ilipendeza kutazama. Nilipita pale mara kadhaa nikiwa na shughuli za kiofisi, na kila mara nilisimama kwenye lango muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Kuhusu maji yenyewe, aliwapeleka kwenye lambo. Musoma imezungukwa na ziwa pande tatu, lakini mazoezi ya kuogelea na kuokoa mtu aliyezama yalifanyika kwenye lambo la kunyweshea mifugo njia ya Butiama. Alisema chuo hakijapata kibali cha gati, na kwamba maji ni maji. Nilikuwapo siku mzee mmoja mchungaji alipofika na kundi lake la ng'ombe akakuta vijana waliovaa majaketi ya rangi ya chungwa wakielea katikati ya lambo.

"Wewe mzungu wa nchi gani?" mzee akafoka. "Hapa huwa tunanyweshaga ng'ombe, hatufundishagi meli! Ng'ombe zangu zinaogopa hivyo vitu vyekundu!"

Mkufunzi akasimama kwa heshima zote, akapiga saluti, si kwa mzee bali kwa fahali aliyetangulia, kisha akapuliza filimbi. "Mabaharia, chombo kikubwa kinaingia bandarini! Pisheni njia!"

Vijana wakatoka majini kwa mstari. Mzee akajizuia kucheka, akashindwa. Alipokuwa akiondoka alisema huku akitikisa kichwa: "Huyu atawafundisha watoto kuzama pakavu." Tulilichukua kama utani.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa mzaha tu. Katika ukweli wa kazi alikuwa mkali kupita kiasi, na jambo hili ndilo linaloniumiza kuliko mengine yote. Kuna kijana aliyepewa zamu ya kukagua majaketi ya kuokolea. Akasema amekagua. Mkufunzi akaenda kwenye sanduku, akakuta buibui amefuma utando juu ya komeo. Akakusanya wote, akamwita yule kijana mbele.

"Umekagua?"

"Ndiyo, Mkufunzi."

"Na buibui ulimwomba ruhusa?"

Wenzake wakacheka. Mkufunzi hakucheka. Alimwambia, kwa sauti ya chini ambayo nilisimuliwa na wengi kwa namna ileile: "Uongo wa barazani hufa barazani. Uongo wa majini huzika watu. Kabidhi sare." Kijana akarudi kwao. Wazazi wake walikuja ofisini kwangu kulalamika, nami nilimtetea Mkufunzi mbele yao. Niliwaambia kwamba mtoto wao amefukuzwa na mtu mwadilifu. Naomba msomaji aliweke hilo kwenye mizani moja na yale ninayoyaeleza sasa, kisha aniambie mizani hiyo inasimamaje.

Sasa nimwingize binti. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, jina lake Nyangeta, na baba yake ni mkulima wa pamba na mfugaji kule Mugeta, wilaya ya Bunda. Alipomaliza kidato cha nne alikuja kukaa kwangu Nyakato. Jioni alikuwa na kawaida ya kwenda ufukweni kuzitazama meli za mizigo zikipakia, na siku moja akarudi akaniambia, "Mjomba, mimi nataka kazi ile." Nikamuuliza kazi ipi. Akasema, "Ya yule anayetupa kamba."

Vyuo vingine viwili tulivyoulizia vilitushauri apelekwe kushona. Mkufunzi peke yake ndiye aliyemtazama mikono, akampa kamba, akamwonyesha fundo mara moja, akamwambia alirudie akiwa amefumba macho. Akalirudia.

"Huyu ni baharia," akaniambia. "Aliyebaki kuelewa ni baba yake."

Baba yake, shemeji yangu, hakuwa mgumu kwa ubaya. Kulikuwa na posa mezani kutoka kwa watu wenye heshima zao, na ng'ombe wa mahari walikwisha kutajwa. Ndipo ukafanyika ule mkutano wa wazazi katika ukumbi wa wilaya, Butiama. Mkufunzi aliomba kuzungumza nao, nasi tukampa ukumbi.

Ili mgeni aelewe kilichotokea ukumbini, sharti nieleze desturi yetu. Mwenye ng'ombe wengi haweki wote katika zizi moja. Humpa rafiki wa mbali mtamba amtunzie, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize mali yote kwa mkupuo. Makubaliano ni ya mdomo. Na ukishampa, huendi kumtazama mtamba wako bila kutuma taarifa. Ukimtokea mtu zizini ghafla ukaanza kupepesa macho, umemwita mwizi mbele ya watoto wake. Unatuma salamu kwanza. Naye anajiandaa, anakutolea ng'ombe wako aliyeshiba na kung'aa, mnakunywa maziwa, unarudi kwenu umeridhika.

Mkufunzi aliijua desturi hii. Alisimama katika ukumbi ule, akavua kofia yake, akasema: "Wazee wangu, mimi sina hotuba. Nipeni watoto hawa kama mnavyompa rafiki mtamba."

Mzee mmoja akapiga fimbo sakafuni, na mwingine, na mwingine. Shemeji yangu akanigeukia akaninong'oneza, "Shemeji, huyu ni mtu." Posa ikarudishwa kwa maneno mazuri. Nyangeta akaingia chuoni.

Kuanzia siku ile hakuna mzazi aliyeweza kwenda kukagua. Nasema hakuweza, sisemi hakutaka. Walikwenda walipoalikwa, siku ya wazazi, na walikuta boti imepakwa rangi mpya, bendera zinapepea, watoto wamejipanga kwenye sitaha, amri zinapigwa na kamba zinaruka. Aliyeuliza kwa nini chombo kiko juu ya mawe aliambiwa kimepandishwa kwa matengenezo. Kila mwaka kilikuwa kimepandishwa kwa matengenezo. Na sisi ni watu wa ng'ombe. Tumezoea kuonyeshwa mnyama akiwa amefungwa zizini, hatukushangaa kuonyeshwa meli ikiwa imefungwa pakavu. Watu wa ufukweni wangecheka siku ya kwanza. Sisi tulipiga makofi. Shemeji alirudi kwangu akiwa na furaha ya mtu aliyebatizwa. "Nimeiona meli, shemeji," alisema. "Mtoto anaiamrisha kama mimi ninavyoamrishaga maksai."

Wanafunzi wenyewe, bila shaka, walijua boti haiendi popote. Kwao alikuwa na maelezo mengine. Aliwaambia kwamba nchi zilizoendelea huwaanzishia mabaharia wao kwenye meli za nchi kavu, na hili ni kweli. Akaongeza kwamba saa za kazi kwenye chombo cha chuo huhesabiwa kuwa saa za majini, na hili ni uongo. Ubaharia, kama ufundi mwingine wowote, una ngazi zake. Unajifunza kwanza usalama, kisha unapelekwa kwenye chombo kinachosafiri kweli ukafanye kazi chini ya uangalizi, ndipo unapopimwa na kupewa sifa ya kuajiriwa. Ngazi hiyo ya katikati hairukwi. Yeye aliiruka kwa niaba yao, akathibitisha kwamba wameipanda, na aliyethubutu kuuliza lini watakwenda ziwani alijibiwa kwa moja ya misemo yake: "Anayeuliza kina cha maji ameshaanza kuogopa." Ni msemo mzuri sana wa kumnyamazisha kijana jasiri.

Nyangeta alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Wenzake wengi walirudi mashambani bila kupata meli; yeye akapata nafasi ya majaribio katika meli ya mizigo, na nilimsindikiza mpaka gatini mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa koti langu la sherehe. Yaliyofuata alinisimulia yeye, akiwa ameketi sebuleni kwangu na mkoba wake haujafunguliwa.

Meli ilipong'oa nanga kila kitu kilikwenda sawa. Alitupa kamba, akakunja kamba, akajibu kwa maneno sahihi, na mabaharia wakatazamana kwa kuridhika. Kisha wakatoka nje ya ghuba. Upepo ukaingia ubavuni, sitaha ikainuka upande mmoja, ikashuka, na binti akajikuta amekumbatia winchi kwa mikono miwili. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa hajui kusimama. Hajawahi katika maisha yake kukanyaga sakafu inayotembea.

Ofisa wa meli, mtu mzima mwenye mvi, akamtazama miguu.

"Binti, mafunzo yako ya vitendo uliyafanyia katika chombo gani?"

"Cha chuo, afande."

"Kilikuwa kinakwenda wapi?"

"Kilikuwa hakiendi, afande. Kipo juu ya mawe."

Baharia mmoja akapasuka kwa kicheko. "Jamani, tumeletewa nahodha wa zizi!"

"Mwacheni," akadakia mwingine, "amezoea mawimbi ya majani!"

Ofisa akawanyamazisha. Akamwita binti pembeni, akazungumza naye kwa upole, na upole ule, aliniambia, ulimuuma kuliko kicheko. Alimwambia: "Chuo chako kimethibitisha kwamba umefanya kazi majini. Hukufanya. Basi kuna mtu amedanganya. Na aliyeingia melini kwangu na uthibitisho huo ni wewe. Mimi nitaripoti nilichokiona. Kama kuna mwingine, aje aseme."

Waliporudi Musoma akashushwa. Mamlaka inayosimamia mabaharia ikamwita, ikamhoji, na ikamzuia kuomba nafasi melini mpaka ithibitike ni nani aliyetoa taarifa ya uongo. Isipothibitika, doa linabaki kwake. Hapo ndipo mambo yalipo hadi ninapoandika. Binti hana kosa jingine ila kumwamini mkufunzi wake, na anayeweza kumsafisha kwa neno moja ni mkufunzi yuleyule.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, mimi ni mwongo?"

Nimejibu maswali mengi ya watu wakubwa katika utumishi wangu. Lile nililijibu kwa kumwita baba yake.

Shemeji alikuja kutoka Mugeta. Nilitarajia ghadhabu, labda na maneno juu ya ile posa aliyoirudisha. Aliketi, akaegemeza fimbo ukutani, akakataa chai.

"Shemeji," akasema, "mtamba uliyemtunzisha kwa rafiki akifa, huwa tunafanyaje?"

"Analeta ngozi," nikajibu.

"Analeta ngozi. Siku ileile. Hata kama ni mvua, anakujaga nayo begani, unaiona, mnasikitika wote, urafiki unaendelea. Kufa si kosa, kila kitu kinakufa. Sasa mimi namuuliza rafiki yetu: ngozi iko wapi? Alijua tangu lini kwamba hakuna meli, na mbona hakuja hata na kwato?"

Hapo nikaamua kufanya jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi. Nilikwenda chuoni bila kutuma taarifa.

Nilimkuta amesimama juu ya boti yake na brashi mkononi, akipaka omo rangi ya buluu. Kundi jipya la wanafunzi lilikuwa kwenye sitaha, wengine wakisugua, wengine wakifunga mafundo. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi nyingi tangu nilipomwona kwa karibu mara ya mwisho. Aliponiona alitabasamu lile tabasamu lake lote.

"Karibu melini, Mzee!"

"Hii si meli, Mkufunzi."

Brashi ikasimama. Wanafunzi walisikia, niliona migongo yao ikikakamaa. Akashuka ngazi taratibu, akanivuta pembeni penye mapipa matupu ya rangi, tukaketi.

"Najua kilichokuleta," akasema. "Nimesikia habari za binti. Sijalala vizuri."

"Yeye hajalala kabisa."

Akatoa kamba mfukoni, akaanza kufunga. "Mzee, boti niliahidiwa. Mwaka wa kwanza niliambiwa itafika mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika, nikaambiwa mwaka ujao. Ningewaambia wazazi kwamba hakuna boti, wangeondoa watoto, kozi ingefungwa. Vijana wangerudi kwenye pamba."

"Wamerudi kwenye pamba. Tofauti ni kwamba sasa wanarudi wakiwa wanaitwa waongo."

"Nilimpa kila nilichokuwa nacho."

"Hilo sibishi. Kilichoniuma ni kwamba ulimpa na usichokuwa nacho."

Nikamuuliza kama mkuu wa chuo alijua. Vidole vyake vilizidisha mwendo juu ya ile kamba. Nikamuuliza kama ni yeye aliyeamua kuthibitisha saa ambazo hazikuwapo, au aliagizwa. Akasema, "Mzee, usinitoe hapo." Nikaandika jibu hilo akilini kama lilivyo, na nalitoa hapa kama lilivyo.

Kisha akanisogelea. Sauti yake ikawa ile ya jirani, ile ya mtu wa kwaya. "Nisikilize. Yule ofisa wa meli tulisafiri naye zamani. Naweza kwenda kwake kimya kimya, amchukue binti, ajifunzie hukohuko. Mwaka mmoja tu na hakuna atakayekumbuka. Ana mikono yule mtoto. Mikono yake ni bora kuliko yangu."

"Na mamlaka?"

"Wataacha. Huwa wanaachaga."

"Na hawa walio juu ya boti?"

"Safari hii boti inakuja kweli."

Nilimtazama. Nilitafuta ndani yake yule mtu aliyemfukuza kijana kwa ajili ya utando wa buibui, na jambo la kutisha ni kwamba alikuwapo. Alikuwa ameketi mbele yangu, mzima, mwenye kuamini anachokisema. Hakuwa amejigeuza mtu mwingine ili atudanganye.

"Nenda kaseme," nikamwambia. "Maneno machache tu. Kwamba ulithibitisha wewe, na binti hakujua kwamba ni uongo."

"Nikisema, nimekwisha, Mzee."

"Usiposema, amekwisha yeye. Wewe una uzee wa kukufichia aibu. Yeye ndiyo kwanza anaanza."

Alisimama, akatoa filimbi, akapuliza. Juu ya sitaha kundi lote likaacha kazi, likageuka, likanyooka.

"Mabaharia!" akaita. "Mpigieni Mzee saluti!"

Wakapiga, wote kwa pamoja, mikono ikiwa imelowa maji ya sabuni, nyuso zikiwa na fahari. Alijua kwamba mtu wa umri wangu na malezi yangu hatamvunjia mkufunzi heshima mbele ya wanafunzi wanaompa yeye mgeni heshima. Alinifunga kwa adabu yangu mwenyewe.

Nikawaambia wale vijana, "Ahsanteni, wanangu. Muulizeni mkufunzi wenu ni siku gani mtaingia ziwani. Muulizeni mbele ya wazazi wenu, na msikubali kujibiwa kwa msemo."

Saluti zikashuka moja moja. Msichana mmoja aliyesimama tezi, mwembamba, mwenye lafudhi ya kwetu kabisa, akasema, "Mkufunzi, kwani ni lini?"

Mkufunzi akaokota brashi yake. "Rangi inakauka," akasema, akapanda ngazi.

Sijamwona tena tangu hapo, ingawa tunaishi kata moja. Besi haisikiki kanisani. Nimeambiwa anasali ibada ya kwanza siku hizi. Mama muuza dagaa aliniuliza kama jirani yetu anaumwa. Nilimwambia simjui vizuri kiasi cha kujibu.

Baada ya kueleza hayo, na nikiwa na akili timamu na bila chuki, nataka yafuatayo, nami nayataka hadharani kwa kuwa faraghani nimekwisha kuyaomba nikanyimwa. Chuo kieleze ni nani aliyeruhusu kozi ya ubaharia iendeshwe bila chombo kinachoelea, na kiwatafutie wahitimu wote nafasi katika vyombo vinavyosafiri ili waipande ile ngazi waliyorukishwa. Wanafunzi waliopo sasa waambiwe ukweli kabla hawajafundishwa fundo jingine. Na mkufunzi aende mbele ya mamlaka kwa miguu yake mwenyewe, aseme ni nani aliyemwagiza kuthibitisha uongo; na kama hakuagizwa na mtu yeyote, aseme hivyo pia.

Akimaliza huko, aje kwangu Nyakato. Sitaki anieleze mimi. Amweleze binti, naye binti akiwa ameketi kwenye kiti, na yeye Mkufunzi akiwa amesimama, mpaka binti atakapomwambia kwamba inatosha.